Ganda la jino bovu la kurithi: mwongozo kamili wa kulitambua, kulipaka silanti na kuhakikisha silanti inakaa

Kama mtoto wako kaota meno ya njano au kahawia tangu yanachomoza, yanamegeka akila hata mkate mkavu, na maji ya baridi yakigusa tu anaruka, basi acha kwanza kugombana naye kwamba hapigi mswaki. Kuna watoto wanazaliwa na hitilafu kwenye maelekezo ya kutengeneza ganda la juu la jino, lile gumu jeupe tunaloita enameli, na ganda likishatoka bovu ndo limetoka, halijirekebishi, maana seli zilizolitengeneza zinapotea jino linapochomoza kwenye fizi. Ugonjwa wenyewe unaitwa amelojenesisi imperfekta. Sio uchafu na sio laana ya mtu yeyote.

Nawaandikia wazazi, alafu na wenzangu matabibu wa meno mlioko wilayani huko ambao mkiona kinywa kama hiki mnaandika rufaa fasta. Rufaa sawa, iandike, lakini kuna kazi kubwa inaweza kufanyika hapo hapo ulipo wakati mtoto anasubiri tarehe yake. Na msimamo wangu nauweka mapema: silanti (ile plastiki nyembamba inayopakwa kwenye mifereji ya magego yasioze) ikidondoka kwenye meno haya watu wanalaumu gundi, wananunua gundi ya bei mbaya zaidi, inadondoka tena. Mara nyingi gundi haina kosa. Umebandika kwenye ganda ambalo hukujua ni la aina gani.

Silanti inashika nini hasa

Tuanzie hapa maana bila hapa hatua zingine utazikariri tu. Mwaka 1955 Michael Buonocore, pale Eastman Dental Dispensary mjini Rochester, New York, alichukua wazo la watu wa viwandani waliokuwa wanapitisha asidi ya fosforiki kwenye chuma kabla ya kupaka rangi ili rangi ishike, akapaka asidi hiyo kwenye enameli, kali kweli, 85%, kwa sekunde 30, alafu akaweka plastiki ya akriliki juu yake. Ikashika kuliko kawaida. Mwaka 1962 Rafael Bowen akaja na resini (plastiki ya majimaji inayogeuka ngumu) ya bis-GMA, na mpaka leo silanti nyingi zinatoka kwenye ukoo huo. Siku hizi asidi tunatumia ya 37% hivi, sekunde 15 mpaka 30 zinatosha kwa jino lisilo na ubovu.

Enameli nzuri ni madini kama 96% kwa uzito. Asidi inakula madini kwa mpangilio, inaacha vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, silanti ikiwa bado majimaji inazama humo, ukiimulika na taa ya bluu inakauka na kubaki imeng'ang'ania kwa mizizi yake. Yaani ni kushikana kwa kuingiliana tu, hamna uchawi wa kemia hapo. Sasa jiulize, ganda likiwa na madini kidogo na protini nyingi asidi itachonga nini? Inachimba ovyo, mpangilio hamna, na hata silanti ikishika vizuri imeshika kitu ambacho chenyewe kinabanduka, sawa na kupaka rangi ya mafuta kwenye ukuta wa chokaa inayopukutika, rangi inatoka na chokaa yake.

Hatua ya kwanza: jua ni ubovu gani

Hapa ndo pa kutulia, usiharakishe hata kama foleni ni ndefu.

Carl Witkop mwaka 1988 aliyapanga haya magonjwa makundi manne makubwa na watu bado wanautumia mpangilio wake. Kundi la kwanza ganda ni jembamba au lina vishimo na mifereji lakini ni gumu, ukipitisha kifaa chenye ncha hakiingii. La pili ganda linatoka na unene wa kawaida ila halijaiva, lina madoa meupe, njano au kahawia, na linachanika. La tatu ndo kichomi: ganda laini kabisa lenye madini kidogo, jino linachomoza na unene wake, alafu ndani ya muda mfupi linasagika linabaki tupu dentini, lile tabaka la njano la chini ya ganda. La nne ni mchanganyiko wa kwanza na la pili pamoja na magego yenye tumbo kubwa ndani, hilo utaliona kwenye eksirei.

Jaribio la kitini ni rahisi. Kausha jino kwa pamba (usipulize hewa, utamuumiza), alafu pitisha ncha ya kifaa taratibu pembeni bila kusukuma. Ikiteleza kwa ugumu uko kundi la kwanza, na hapo silanti ina nafasi nzuri tu. Ukitoka unga au ncha ikazama kidogo uko kwenye ganda laini, badilisha mpango kuanzia hapo hapo. Andika kwenye faili umekuta nini kwenye kila gego, maana kwa mtoto mmoja magego mawili yanaweza kuwa na hali tofauti.

Kabla hujasema ni la kurithi ondoa vitu vingine vinavyofanana nalo, na kwetu huku viko vingi. Cha kwanza ni floraidi ya maji. Mtoto wa Arusha, Meru, Nakuru au Naivasha mwenye meno ya kahawia, muulize anakunywa maji ya wapi na alikulia wapi mpaka miaka sita saba, uliza pia kama nyumbani wanalainisha maharage au makande kwa magadi, kwa sababu magadi nayo yanabeba floraidi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita na visima vingi vya bonde la ufa vinapita hapo mbali. Dalili yake kubwa ni kwamba meno ya upande huu na huu yanafanana na watoto wa majirani wanaochota kisima kile kile wako hivyo hivyo. La kurithi linafuata damu, halifuati bomba.

Cha pili ni meno ya plastiki, wengine wanasema meno ya nailoni. Mtoto mchanga akiharisha na homa mganga anachokonoa fizi anatoa kijino cha chonge ambacho hata hakijatoka, kwa imani kwamba ndo kinacholeta ugonjwa. Miaka baadaye chonge la kudumu linatoka na kovu kwenye ganda au halitoki kabisa. Ukiona ubovu uko kwenye chonge tu na mengine yote mazima, uliza swali hilo kwa upole, bibi akiwa hayupo chumbani ikiwezekana.

Cha tatu, magego ya miaka sita na meno ya mbele ya kudumu tu ndo yana madoa na kumegeka, huku meno ya utotoni yalikuwa mazuri. Hilo lilipewa jina lake, kifupi MIH, mwaka 2001 na ni jingine, linawapata watoto wengi kuliko la kurithi. Amelojenesisi kwa kawaida inagusa meno yote, ya utotoni na ya kudumu.

Cha nne kinawachanganya hata wazoefu: jino linang'aa rangi ya kaharabu au bluu ya kijivu, shingo limebana, na kwenye eksirei tundu la ndani la mshipa limeziba. Hapo tatizo ni dentini, jeni lake mara nyingi ni DSPP, ganda lenyewe ni zima ila linabanduka kwa sababu sakafu yake mbovu. Mtoto huyo muulize amevunjika mifupa mara ngapi na mwangalie weupe wa macho, ukiwa na ubluu mpeleke kwa daktari wa watoto, inaweza kuwa ugonjwa wa mifupa laini.

Hatua ya pili: chora ukoo

Chukua karatasi, chora babu na bibi pande zote mbili, wajomba, mashangazi, watoto wa mama mdogo na mama mkubwa, weka alama kwa kila mwenye meno ya namna hii. Wengi wataongeza mtu ukimwuliza hivi: nani kwenu alivaa meno ya bandia akiwa bado kijana? Maana babu zetu walishang'olewa zamani na hamna aliyebaki na picha akitabasamu.

Ukiona kila kizazi kina mtu, na mwenye tatizo anawapa kama nusu ya watoto wake, hiyo ni ya kutawala, jeni kama ENAM au FAM83H. Ukiona wazazi wote wazima ila ndugu wawili watatu wana tatizo, na wazazi wenyewe ni ndugu wa damu, mfano mtoto wa ami na mtoto wa ami, hiyo inaelekea ya kujificha na kila mimba ina uwezekano wa 25%. Sisemi watu wasioane, nasema tu waambiwe. Alafu kuna ya jeni la AMELX lililoko kwenye kromosomu X, ambalo ndo la kwanza kugunduliwa mwaka 1991: baba mwenye nayo anawapa mabinti wake wote na hamna mtoto wa kiume anayeipata kwake, na hao mabinti mara nyingi meno yao yana mistari ya wima, ganda zuri na bovu yakipishana. Ukiiona mistari hiyo kwa mama wakati umemwita mtoto, jibu umeshapata nusu.

Ugonjwa huu sio wa kawaida lakini namba zinategemea umepima wapi. Kaskazini mwa Sweden walipata mtu 1 kati ya 700, Michigan Marekani 1 kati ya 14,000. Koo zikikaa pamoja muda mrefu namba inapanda.

Hatua ya tatu: picha na mwili mzima

Eksirei ya magego inakuonyesha ganda na dentini zinatofautianaje. Ganda jembamba lakini jeupe kuliko dentini, hilo gumu. Ganda ambalo kwenye picha huwezi kulitenga na dentini lina madini kidogo, hapo usitegemee asidi ifanye maajabu.

Na hili nalirudia kwa matabibu: ganda jembamba sana, fizi zimevimba, na meno ya kudumu hayatoki ingawa umri umefika, omba utrasaundi ya figo. Kuna aina ya jeni FAM20A ambapo figo zinajaa chokaa kimya kimya bila mtoto kulalamika.

Hatua ya nne: tuliza kinywa kwanza

Mtoto ambaye meno yanampiga ganzi, yaani yanasisimka na kuuma yakiguswa, hapigi mswaki, asipopiga mswaki kuna utando mzito na fizi zinatoka damu, na fizi zikitoka damu huwezi kubandika chochote. Kwa hiyo wiki kadhaa za mwanzo ni za usafi tu. Mswaki laini, maji ya uvuguvugu, dawa ya meno yenye floraidi 1000 mpaka 1500 ppm (sehemu kwa kila milioni), chini ya miaka mitatu saizi ya punje ya mchele, kuanzia mitatu saizi ya njegere, ateme povu asisukutue na maji mengi. Kama mnaishi kwenye maji yenye floraidi nyingi, ongea na mtaalamu kwanza kuhusu kiasi. Klinik wanaweza kupaka vanishi ya floraidi, ile ya 22,600 ppm, inapunguza ganzi kweli. Soda na juisi za pakiti punguza, ndimu na ukwaju wa kumung'unya punguza, ganda hili halina akiba ya kupoteza.

Hatua ya tano: chagua cha kuweka

Silanti ya resini inafaa kwenye ganda gumu au linalokaribia ugumu, gego limeshatoka lote, na una uwezo wa kuzuia mate. Kwa meno mazima utafiti uliojumlishwa na Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, mwaka 2017 ulionyesha inapunguza kuoza kati ya 11% na 51% ndani ya miaka 2 ukilinganisha na kutopaka, ila hizo namba ni za watoto wa kawaida, usimwahidi mzazi wa amelojenesisi kitu hicho hicho.

Glasi ayonoma, aina ya simenti ya kuzibia meno, inafaa pale ganda ni laini, jino limetoka nusu, au mate hayazuiliki. Inashikana kwa kemia na madini yaliyopo, inavumilia unyevu, inatoa floraidi. Inadondoka mapema kuliko resini, hilo tukubaliane, ila hata ikionekana imetoka kuna mabaki yanabaki chini kwenye mifereji. Na msione aibu kuitumia eti ni ya kimaskini: mbinu ya kuziba kwa vifaa vya mkono, ambayo sasa inatumia glasi ayonoma, ilianzia hapa hapa Dar es Salaam miaka ya 1980 kwa kazi ya Jo Frencken, dunia ikaichukua baadaye.

Kama gego limeshaanza kusagika, silanti ya nini? Weka taji la chuma, litamlinda mpaka akue. Kwa vijana kuna jaribio la Sweden lililochapishwa 2015, wagonjwa 27 wa miaka 11 hadi 22, waliwekewa mataji ya kauri 227, baada ya miaka 2 asilimia 97 ya mataji yalikuwa katika hali nzuri au inayokubalika na ganzi ilipungua sana. Zamani tulikuwa tunaambiwa subiri mpaka awe mtu mzima. Mi naona kumwacha mtoto wa sekondari afunike mdomo kwa mkono miaka yote hiyo ni ukatili usio na sababu.

Hatua ya sita: kupaka yenyewe

Uwe na msaidizi. Peke yako, mtoto wa miaka saba, meno yanauma na mate yanatiririka, huwezi.

Safisha mifereji kwa brashi ndogo na unga wa pumisi uliochanganywa na maji tu, usitumie dawa ya meno yenye mafuta. Suuza kwa sirinji yenye maji ya uvuguvugu, achana na maji ya baridi ya mashine. Akiruka hata kwa hayo mchome sindano ya ganzi, sio aibu kuchoma ganzi kwa ajili ya silanti kwenye meno haya. Zungushia raba ya kuzuia mate, kibanio kiweke kwa uangalifu maana kinaweza kumega ganda. Kama raba hamna, pamba pande zote na bomba la kuvuta mate lisitoke.

Kwa ganda lenye protini nyingi kuna hatua ya ziada: sodiamu haipokloraiti 5% kwa sekunde 60 ili kula protini kabla ya asidi. Hoja yake ina mantiki. Kuna vimeng'enya viwili, MMP20 na KLK4, vyenye kazi ya kutafuna protini wakati ganda linaiva, vikiharibika protini zinabaki zimekwama, kwa hiyo wewe unajaribu kufanya kazi ambayo mwili haukuimaliza. Venezie na wenzake waliandika kuhusu njia hii 1994. Utafiti wa maabara wa 2006 ukaonyesha nguvu ya kushika inapanda, lakini wa 2009 uliofuatilia vinywa vya wagonjwa haukuona tofauti ya maana. Mimi naitumia kukiwa na raba tu, na sio kwa kila mtoto. Na mzazi usije ukachukua Jik ya kufulia, yenye kemikali hiyo hiyo, ukajaribu nyumbani, itamuunguza mtoto mdomo.

Weka asidi ya 37%, sekunde 30. Suuza sekunde 15 au zaidi. Kausha.

Sasa hapa kuna mtego. Shuleni tulifundishwa tuangalie jino liwe na weupe wa chaki ndo ujue asidi imefanya kazi. Ganda la amelojenesisi lilishakuwa na weupe huo kabla hujagusa kitu! Kwa hiyo alama hiyo haikwambii chochote hapa, hesabu sekunde kwa saa, usihesabu kwa macho. Na ganda lenye floraidi nyingi ni kinyume, juu yake pagumu kwa asidi, wengi wanaongeza muda. Suala hilo la kushikana lilishapimwa kwenye meno ya Wakenya na Opinya na Pameijer tangu 1986.

Kuanzia hapo mate yasiguse. Hata sekunde moja inatosha kuweka utando ambao maji hayautoi, na kazi nyingi zinazodondoka zimefia hapo kimya kimya huku daktari anaongea na mama mtu. Yakigusa, rudia asidi, usijidanganye kwa kufuta na pamba.

Paka gundi nyembamba, puliza polepole isambae, weka silanti kidogo kidogo kutoka upande mmoja wa mfereji isifunge hewa, iache sekunde chache izame, mulika sekunde 20 taa ikiwa karibu kabisa na jino. Futa ile tabaka ya juu inayonata kwa pamba. Alafu chukua ncha ujaribu kuing'oa, kwa nia kabisa. Ikitoka sasa hivi una bahati, bado yuko kitini. Maliza na karatasi ya kung'ata, palipozidi sugua.

Kwa glasi ayonoma ni fupi: tindikali ya poliakriliki 10% sekunde 10 hadi 20, suuza, kausha kwa pamba bila kulikaukisha kabisa, weka, kidole chenye vaselini kibonyeze juu, shikilia mpaka igande, futa iliyofurika, asile saa moja.

Hatua ya saba: kufuatilia

Watoto wa kawaida tunawaita baada ya miezi sita, hawa waite baada ya mitatu. Silanti iliyotoka kipande hailindi tena pale ilipotoka, kwa hiyo usimwambie mzazi "ipo bado kidogo", iongezee au itoe uweke nyingine. Ikidondoka mara ya pili kwenye gego lile lile usiweke ya tatu, nenda glasi ayonoma au taji. Gego la miaka sita na la miaka 12 yaangalie yanapoanza tu kuchungulia, hapo glasi ayonoma inaweza kuwekwa hata kabla hayajamaliza kutoka.

Na kitu kimoja kwa wazazi ambacho hakigharimu hata senti. Watafiti wanaopima gundi na ganda bovu wana shida kubwa ya kupata meno yenyewe, maana hamna wa kumng'oa mtoto jino kwa ajili ya utafiti. Meno ya utotoni yakidondoka yenyewe, wengi wetu tuliyatupa juu ya bati, haya msitupe. Safisha kwa maji, weka kwenye kichupa safi, andika tarehe lilipodondoka na lilikuwa upande gani wa kinywa, na uulize klinik ya rufaa au chuo cha meno kama wanayakusanya na wanataka yahifadhiwe kwenye nini, kabla hujayapeleka.